Sentensi Isiyochekesha: Jopo la Wachekeshaji Linavyobeba Habari na Linavyoiangusha

Kuna aina ya kipindi cha televisheni ambayo wengi wetu hapa Mombasa tunaijua kwa vipande tu. Meza ndefu, mwendeshaji katikati, wachekeshaji wawili upande huu na wawili upande ule, nyuma yao picha za magazeti. Mwendeshaji anasoma kichwa cha habari, mmoja anarusha neno, ukumbi unaangua kicheko, video inakatika. Haifiki dakika. Inaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, ami anaandika chini yake, "Kumbe ni kweli!", na kabla ya alasiri watu wazima wanatoleana maneno juu ya jambo ambalo aliyelisema alilisema kwa mzaha.

Hapo ndipo penye swali linalostahili kufafanuliwa pole pole. Vipindi hivi vimeanzishwa kwa nia ya kuwavua nguo wanasiasa na magazeti yanapodanganya. Watazamaji wake huviona kama dawa ya uongo. Wakosoaji wake wanasema vinazidisha uongo. Wote wawili wana ushahidi mkononi, na sababu ni kwamba ndani ya kipindi kimoja mna aina mbili za maneno zinazokaa pamoja bila mtazamaji kuzitenga.

Tuanze na mkongwe wao. Have I Got News for You kilianza BBC mnamo Septemba 1990. Kina timu mbili. Upande mmoja hukaa Ian Hislop, ambaye tangu 1986 ni mhariri wa jarida la dhihaka liitwalo Private Eye. Upande wa pili hukaa Paul Merton, mchekeshaji ambaye kazi yake ni kulipeleka jambo lolote mahali ambapo halikutarajiwa kufika. Kila mmoja hupewa mgeni: mbunge, mwandishi wa habari, mwigizaji, mchekeshaji mwingine. Mwendeshaji wa kwanza alikuwa Angus Deayton, na tangu alipoondoka mwaka 2002 kiti chake hukaliwa na mtu tofauti kila kipindi. Mnamo Septemba 2024 CNN nao walianzisha kipindi cha Marekani kwa jina lilelile, Roy Wood Jr. akiwa mwendeshaji, Amber Ruffin na Michael Ian Black wakiongoza timu.

Kwa sura ni mashindano ya maswali. Kuna video za wiki zisizo na sauti ambazo timu inatakiwa kuzieleza. Kuna picha nne, moja si mwenzao, itajwe ni ipi na kwa nini. Kuna vichwa vya habari vilivyozibwa neno moja, timu ibuni neno lililopotea, na kila wiki baadhi ya vichwa hivyo hutoka katika jarida fulani dogo la watu wa fani moja ambalo hakuna mtu wa kawaida aliyewahi kulisikia. Alama zinahesabiwa, mshindi anatangazwa, na hakuna anayejali. Maswali ni kisingizio cha watu kuzungumza.

Sasa tazama jinsi maneno yanavyogawanyika. Mwendeshaji anasoma. Mbele yake kuna maandishi yaliyoandaliwa na waandishi wa kipindi, yakapitiwa na watafiti na wanasheria. Akisema waziri fulani alitumia kiasi fulani cha fedha, kiasi hicho kimetafutwa mahali. Wanajopo hawasomi. Wao wanadakia. Mmoja atasema waziri yule alizitumia zile fedha kumnunulia paka wake suti, na hakuna mtafiti aliyeitafuta suti ya paka, wala haikusudiwi aitafute. Kwa hiyo kila dakika kuna maneno yaliyohakikiwa na maneno yaliyozuliwa papo hapo, yote yanatoka katika meza moja, kwa sauti ya uchangamfu ileile.

Aliyekaa akatazama nusu saa nzima huzoea kuzitenga. Anajua mwendeshaji akishusha sauti na kusema "Ukweli ni kwamba..." basi hapo ndipo jambo lenyewe linapoelezwa. Sentensi hiyo aghalabu haichekeshi. Ni kavu, ina mwaka, ina kiasi, ina jina la taasisi. Na huyo anayekaa na simu yake akitafuta kipande cha kusambaza anatafuta kicheko. Anakata pale kicheko kinapoanza na kumalizia pale kinapoisha. Sentensi isiyochekesha ndiyo iliyobeba habari, na ndiyo inayokatwa kwanza.

Naliona hili kuwa kiini cha jambo zima, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kipindi chenyewe kabla hakijarushwa kimekwisha kukatwa mara moja. Kwa kawaida hurekodiwa jioni mbele ya hadhira, kirefu kuliko nusu saa tunayoiona, kisha huhaririwa kwa haraka na kurushwa kesho yake. Ule mkato wa kwanza unafanywa na watu wenye dhamana. Mwanasheria anasikiliza, mhariri anapima, jambo lisiloweza kuthibitishwa linatolewa au linawekewa lile neno ambalo kipindi hiki kimelifanya kuwa desturi: "inadaiwa". Mkato wa pili unafanywa na mtu asiyejulikana, na hana dhamana yoyote. Huku kwetu kuna wa tatu pia, yule anayeweka maandishi ya Kiswahili chini ya video ya Kiingereza. Huyo ana nafasi finyu, sekunde chache, na kitu cha kwanza kukiacha ni "inadaiwa". Mzaha wa Kiingereza wa kusema kinyume cha unachomaanisha kwa uso mkavu unageuka kauli ya moja kwa moja. Kwa hiyo mtu wa Majengo au Kisauni anayepokea kipande hicho hapokei kipindi kilichorushwa. Anapokea kitu cha tatu, kilichotengenezwa na mikono mitatu, na mkono mmoja tu kati ya hiyo ndio uliokuwa na mwanasheria.

Mtu atasema: lakini si mzaha tu? Nani anaamini mzaha?

Tunaamini zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi orodha za sentensi wazipime ni za kweli kiasi gani. Walifanya hivyo mara tatu, kwa kupishana wiki mbili, na baadhi ya sentensi walizirudia makusudi. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa kila raundi, za kweli na za uongo sawasawa. Jambo likipita sikioni mara kadhaa linakuwa jepesi akilini, na akili inauchukua ule wepesi kama dalili ya ukweli. Matokeo hayo yamepatikana tena na tena tangu wakati huo. Sasa fikiria dai la uongo linalorudiwa na mwendeshaji, likadakwa na mwanajopo wa kwanza, likakuzwa na wa pili, likarudishwa tena mwisho wa kipindi kama kichekesho cha kufungia. Limesikika mara nne au tano. Kanusho limesikika mara moja.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2007, wa Nabi na wenzake, uliochunguza ujumbe wa kuchekesha juu ya mambo ya jamii. Waligundua kwamba mtu akijua huu ni mzaha, habishani nao. Anauacha upite. Kinga yake ya kubishana inalala kwa sababu hakuna aliyekuja kumshawishi. Lakini ushawishi haukupotea palepale. Dalili zilionyesha kwamba unaweza kujitokeza baadaye, wakati mtu amesahau kwamba alilisikia jambo lile kwa mchekeshaji. Linabaki lile "nilisikia mahali".

Na mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha kazi ya Vosoughi, Roy na Aral wa chuo cha MIT, waliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na waliofanya hivyo walikuwa watu, si mashine. Watafiti walitaja upya wa jambo na mshangao. Uongo una faida ya kutobanwa na lililotokea. Unaweza kuundwa uwe wa kushangaza kadiri unavyotaka. Mzaha mzuri nao umeundwa hivyohivyo. Ndiyo maana uvumi na mzaha wa jopo husafiri kwa njia moja na kwa mwendo mmoja, na ukivikuta njiani havitofautishiki kwa sura.

Hayo yote yangeweza kumfanya mtu aseme vipindi hivi vifungwe. Mimi sisemi hivyo, na sababu yangu inatokana na tafiti hizohizo zikisomwa kwa upande wa pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa saikolojia William McGuire alipendekeza kwamba akili inaweza kuchanjwa. Ukimpa mtu hoja ya uongo ikiwa dhaifu, ukamwonyesha inavyofanya kazi kabla hajakutana nayo ikiwa na nguvu, siku akikutana nayo atakuwa ameshajua pa kuishika. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge walilitia wazo hilo katika mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji mwenyewe anakuwa mtengenezaji wa habari za uongo: anajifanya mtaalamu, anachochea hofu, anagawanya watu, anapata wafuasi. Wanaocheza hujifunza mbinu, na waliojifunza mbinu huzitambua zikitumiwa kwa habari nyingine kabisa. Angalia kinachofundishwa hapo. Hakuna anayeambiwa habari hii ni uongo, habari ile ni kweli. Anaonyeshwa ufundi.

Wachekeshaji ni mafundi wa kuonyesha ufundi. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku: kuiga sauti, kukuza dosari, kuonyesha mshono. Kwa hiyo jopo linaweza kuwa chanjo nzuri kuliko somo lolote la darasani, sharti kicheko kiangukie mbinu, na dai lenyewe liachwe.

Tofauti hiyo ni rahisi kuiona kwa mfano wa kubuni. Tuseme wiki hii limezunguka tangazo kwenye simu za Pwani kwamba kuanzia Jumatatu kila anayevuka feri ya Likoni kwa miguu atalipa shilingi ishirini. Tuseme tuna jopo letu la hapa Mombasa, na mwendeshaji analichukua jambo hili. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo inayomjia mtu haraka:

"Jamani, nasikia kuanzia Jumatatu kuvuka feri kwa miguu ni shilingi ishirini."

"Ishirini? Mie n'taogelea. Na nikifika ng'ambo n'takwenda ofisini kwao nidai chenji."

"Wewe utaogelea, na mama watoto?"

"Nitamvusha mgongoni, yeye nusu bei."

Ukumbi unacheka. Ni kichekesho kizuri, na kila mtu wa Mtongwe na Likoni atakipeleka kwa mwenzake. Lakini kila mstari wake umesimama juu ya dai kwamba nauli ipo. Mchekeshaji hakulipinga, amelikubali ili apate pa kukanyaga. Hata mwendeshaji akimaliza kwa kusema "bila shaka si kweli", kipande kitakachozunguka ni kile cha kuogelea, na kazi kitakayoifanya ni kumthibitishia bibi aliye nyumbani kwamba hata kwenye televisheni wamesema.

Njia ya pili:

"Kuvuka Likoni kwa miguu ni bure, na Jumatatu ni bure vilevile. Lakini kuna karatasi hii imezunguka simu zote. Hebu itazameni."

"Ngoja kwanza. Huu muhuri wa serikali? Simba gani huyu? Huyu ni paka amenyeshewa."

"Na nani ametia sahihi? 'Mkurugenzi.' Mkurugenzi wa nini? Jina hana? Mamake alipomzaa alimwita Mkurugenzi?"

"Tarehe sasa. Someni tarehe. Thelathini Februari."

Kicheko ni kilekile kwa ukubwa. Lakini mtazamaji ametoka na vitu vitatu vya kuangalia katika karatasi yoyote itakayomfikia mwezi ujao: muhuri, jina la mtu anayewajibika, na tarehe. Na ukweli umetajwa mwanzo, kabla ya uongo, kwa maneno yasiyohitaji tafsiri. Hata ukikata kipande vibaya, ukianzia kwenye muhuri, hakuna anayeweza kukitumia kusema nauli imepanda. Uongo umebaki ndani yake kama kitu kinachokaguliwa.

Vipindi vya Kizungu vimelijua hili kwa viwango tofauti. Katika redio ya NPR ya Marekani kuna Wait Wait... Don't Tell Me!, kilichoanza 1998 kule Chicago, na ndani yake mna mchezo mmoja ninaouheshimu sana. Wanajopo watatu wanasimulia habari tatu za ajabu juu ya mada moja. Moja imetokea kweli, mbili zimetungwa. Msikilizaji aliyepiga simu anachagua. Wakati mwingine anachagua iliyosikika ya kawaida zaidi, na anakosea. Kinachofundishwa hapo ni kwamba ajabu ya jambo haithibitishi uongo wake, wala ukawaida wake hauthibitishi ukweli. Ndiyo kipimo tunachokitumia sote: "haiwezekani, hii ni uzushi", au "hii inaelekea, watu hawa ndivyo walivyo". Kipimo hicho hakifai, na mchezo unakuonyesha hivyo wiki baada ya wiki bila kukuhubiria. Halafu, na hili ndilo la maana, jibu linathibitishwa kwa sauti ya mtu anayehusika na habari ya kweli. Kile kipande kikavu kimefanywa kuwa kilele cha mchezo.

QI cha BBC, kilichoanza 2003, kinafanya jambo la jirani: ukitoa jibu ambalo kila mtu analiamini na si sahihi, king'ora kinalia na unapoteza alama. Kipindi hicho kimewahi pia kurudi nyuma kusahihisha majibu yake chenyewe ya misimu iliyopita, utafiti ulipobadilika. Ni vipindi vichache vya burudani vinavyofanya hivyo.

Kuna hatari nyingine isiyohusu dai lolote, nayo ni ya uso. Boris Johnson alialikwa Have I Got News for You kwa mara ya kwanza mwaka 1998, akarudi, akafika hata kukalia kiti cha mwendeshaji mara kadhaa. Alichekwa, akajicheka, nywele zimetimka, na taifa likamzoea kama mtu wa furaha. Mwaka 2019 akawa Waziri Mkuu. Watu wamebishana miaka mingi kama kipindi kile kilimsafishia njia, na Hislop amejibu mara kwa mara kwamba kukutana na mtu kwenye kipindi hakumlazimishi mtu kumpigia kura. Kwa maoni yangu, wakosoaji wana hoja nzito hapa kuliko watetezi. Mwanasiasa anayekubali kuchekwa anapata zawadi ya kuonekana hana la kuficha, na maswali ya kazi yake yanakaa nje ya ukumbi. Mombasa hatuhitaji kufundishwa hili kutoka London. Tumeona wagombea wakija jukwaani kucheza ngoma, tukapiga picha, tukasahau kuuliza maji ya bomba yako wapi.

Sheria nayo ina mkono wake. Mwaka 1994, watoto wawili wa tajiri wa magazeti Robert Maxwell wakisubiri kesi yao, jopo liliwatupia maneno makali yaliyoonekana kuwahukumu kabla ya mahakama. Lilipofikishwa mahakamani, BBC na kampuni iliyotengeneza kipindi, Hat Trick, zilitozwa faini ya pauni 10,000 kila moja kwa kuidharau mahakama. Hoja ya kwamba ni mzaha haikuwaokoa. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33 na wa vyombo vya habari katika cha 34, na kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli inayomhusu. Halafu ikaja sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, yenye vifungu vya adhabu kwa anayechapisha habari za uongo. Wanablogu waliipinga mahakamani mwezi uleule iliposainiwa, vifungu 26 vikasimamishwa, hadi Mahakama Kuu ilipoitupa kesi hiyo Februari 2020, na mabishano hayakuishia hapo. Mchekeshaji anayetaka kuanzisha jopo la habari anaingia katika uwanja huo, na wakili si kitu cha anasa kwake.

Labda ndiyo sababu moja ya Kenya kuwa na historia ndefu ya dhihaka ya televisheni na karibu tusiwe na jopo la namna hii. Sisi tumekuwa wakali wa kuigiza. Vioja Mahakamani ya KBC imetuchekesha vizazi. Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990 walimwiga rais aliye madarakani, jambo ambalo miaka michache nyuma lisingefikirika. Mwaka 2009 The XYZ Show, kazi ya mchoraji vibonzo Gado, ilileta vikaragosi vya wanasiasa kwenye Citizen. Na kuigiza kuna usalama fulani katika suala hili la uongo: kikaragosi kikisema neno, hata mtoto anajua si rais aliyesema. Ule mpira wa uso unatangaza wenyewe kwamba hili limebuniwa. Jopo halina kinyago. Wamekaa watu kwa nyuso zao na majina yao, gazeti ni la kweli, kichwa cha habari ni cha kweli, na lililobuniwa ni sentensi moja katikati. Ndiyo maana linahitaji uangalifu ambao igizo haliuhitaji.

Lakini huku Mvita msingi wake upo, na wa zamani. Muyaka bin Haji, aliyeishi mji huu mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, alitunga juu ya mambo ya siku yake, ugomvi wa Mazrui waliotawala Mombasa na Sayyid Said, sultani wa Oman, ukiwamo, na washairi wa upande mwingine wakamjibu kwa vina na mizani. Watu walisikiliza wakipima nani kasema kweli na nani kazunguka. Kujibizana hadharani juu ya habari, kwa ucheshi na kwa makali, si jambo la kuagizwa kutoka ng'ambo.

Tunalihitaji kwa sababu uvumi hapa umewahi kugharimu. Mei 2020 serikali ilipofunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh kwa ajili ya korona, watu wengi hawakujitokeza kupimwa. Hofu ya karantini ilikuwa ya kweli, na maneno ya mitaani yalikuwa yametangulia kuliko wapimaji. Miaka mitatu kabla yake, kuelekea uchaguzi wa 2017, zilisambazwa video za kughushi zilizovaa nembo za BBC na CNN zikitangaza matokeo ya kura za maoni. Nembo, kipindi cha habari, sauti ya kiofisi: mtu aliamini umbo. Kipande cha jopo kilichokatwa kina umbo hilohilo, kwa sababu studio ni ya kweli.

Hata wenye ofisi kubwa hunaswa. Mwaka 2012 gazeti la mzaha la Marekani, The Onion, liliandika kwamba kiongozi wa Korea Kaskazini ametajwa kuwa mwanamume anayevutia kuliko wote duniani. Tovuti ya gazeti la chama tawala cha China ikaichapisha kama habari, ikaambatanisha picha zaidi ya hamsini. Kwenye ukurasa wa The Onion kila kitu kinakuambia hapa ni mzaha. Ikitoka humo, inabaki habari yenye picha.

WhatsApp wenyewe walijaribu kupunguza kasi. Mwaka 2019 walizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawa hauendi ila kwa mmoja mmoja, ukiwa na alama ya mishale miwili. Ukiiona mishale hiyo juu ya kipande cha wachekeshaji, jua kimepita mikono mingi, na sentensi kavu ya mwanzo huenda ilianguka kwenye mkono wa kwanza.

Anayetengeneza kipindi ana nafasi ya kufanya zaidi ya hapo, tena kwa gharama ndogo. Kile kipande kikavu kisiachwe kinywani mwa mwendeshaji peke yake. Kiandikwe kwenye skrini kwa Kiswahili, maneno sita au saba: "Kuvuka Likoni kwa miguu ni bure." Kikae pale tangu mzaha unapoanza hadi kicheko kinapoisha. Na kisiwekwe chini kabisa, ambako wenye kuweka maandishi yao huziba, wala pembeni, ambako simu hukata video ya mlalo ikawa ya wima. Kikae katikati, usawa wa kifua cha anayesema, ili anayetaka kukiondoa alazimike kumwondoa na mchekeshaji.